Stovu za Mezani

Jumapili moja baada ya misa, nyumbani kwa Nyaga huko Manyatta, chai ilichemka bila moshi. Kwa mtu aliyelelewa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa Kagure, mke wa Nyaga, lilikuwa kubwa. Tangu aolewe alikuwa amepikia kwenye mafiga matatu na kuni zisizokauka, akifuta macho kwa upindo wa leso yake. Siku hiyo aliketi kigodani, mikono magotini, kama mgeni katika jiko lake mwenyewe, akitazama stovu mpya ya mafuta ya taa ikiwaka kwa ndimi fupi za samawati. Mtoto wao, Njagi, alikuwa amelala juu ya gunia karibu na mlango. Nje migomba ilikuwa imetulia.

"Baba Njagi," Kagure akasema, "leo nimepika na sijalia."

"Kwani ulikuwa ukilia kwa sababu ya moshi? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya bwana uliyempata."

"Bwana nilishamzoea. Ni moshi ulionishinda."

Wakacheka wote wawili. Wapendwa wasomaji, kikumbukeni kicheko hicho, maana hakikusikika tena katika nyumba ile kwa muda mrefu. Na hata siku ile, kama Kagure angemtazama mumewe vizuri, angeona kwamba yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Macho ya Nyaga yalikuwa kwenye mguu mmoja wa stovu. Chini ya mguu ule palikuwa na kitone kidogo kilichogongwa kwa ncha ya msumari, na pale nyumbani ni yeye peke yake aliyejua maana yake.

Nyaga alikuwa mpimaji katika kiwanda cha stovu cha Mzee Ndambiri, mjini Embu. Kilikuwa kiwanda kidogo cha mabati, chenye mafundi wachache na kelele nyingi. Kila rundo la stovu lilipokamilika, Nyaga alichagua chache za kupima: moja kutoka mbele, moja kutoka katikati, na nyingine kutoka chini kabisa, mahali ambapo fundi aliyechoka huficha kazi yake mbovu. Aliziba matundu ya tambi kwa vipande vya mpira, akazamisha tangi katika nusu pipa la maji, kisha akalijaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Maji yakitulia, stovu ni nzima. Viputo vikipanda, mshono unavuja, na rundo zima linarudishwa kwa mafundi. Nyaga aliipenda kazi hii. Aliwahi kumwambia katekista kwamba akiinama juu ya pipa lile huona kama anasali, kwa kuwa maji hayampendelei mtu.

Na Ndambiri hakuwa tajiri wake tu. Nyaga alifiwa na baba angali mdogo, na siku ya kupeleka posa kwa kina Kagure hakuwa na mzee wa kumsimamia. Ndambiri aliacha shughuli zake, akavaa koti, akaketi mbele ya wazee wa upande wa pili na kusema, "Huyu ni mwana wangu. Akiwakosea, njooni kwangu." Tangu siku hiyo Nyaga alimwita Baba, na hakuwahi kumjibu akiwa ameketi.

Sasa sikilizeni jinsi ubaya ulivyoingia, maana haukuvunja mlango. Uliingia kwa adabu.

Mara kwa mara kiwanda kilitembelewa na afisa wa ukaguzi wa bidhaa kutoka Nairobi. Jina lake lilikuwa Bwana Kaberia, mzaliwa wa Kibirichia, mtu mpole mwenye suti iliyonyooshwa vizuri. Kazi yake ilimtaka aingie ghalani na kujichagulia mwenyewe stovu za kupimwa. Lakini mwenyeji wa huku kwetu hawezi kumwacha mgeni ajipakulie chakula. Hiyo ni aibu kwa nyumba nzima. Mgeni hukalishwa, akanawishwa mikono, akaletewa. Basi katika safari yake ya kwanza, ghala likiwa na vumbi na marundo yakiwa yamefika darini, Ndambiri alimkalisha ofisini, akamwekea chai na nduma, akasema, "Nyaga, mletee mgeni." Nyaga akaleta, akaziweka mezani. Bwana Kaberia, aliyelelewa katika desturi hiyo hiyo, alishukuru. Kukataa kungekuwa kama kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake hakiaminiki.

Siku hiyo hapakuwa na hila yoyote. Nyaga alileta stovu za kawaida, nazo zilikuwa nzuri. Lakini mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa mkaguzi, na kila alipokuja tena aliukuta umefungwa vivyo hivyo, kwa tabasamu na chai.

Kisha risasi ya kulehemia ikaadimika. Ndambiri akapata nyingine, iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Nyaga alipopima kwa maji baridi, stovu kadhaa zilitoa viputo. Akashuku, akachemsha maji, akayamimina pipani, akazamisha tena. Safari hii karibu zote zilitoa viputo, vikipanda kama uji unaochemka. Akaibeba moja hadi ofisini, ikidondosha maji sakafuni.

"Baba, mishono haishiki. Tangi likipata joto, inafunguka."

Ndambiri aliitazama stovu, kisha akamtazama yeye. "Umepima kwa maji gani?"

"Ya moto."

"Na mgeni hupimiwa kwa maji gani?"

"Baridi."

"Basi hayo ya moto ni ya kunyonyoa kuku gani?"

"Hata kwa maji baridi nyingine zinavuja, Baba."

Ndambiri akainuka, akafunga mlango, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu, nikisimamisha kazi sasa, kiwanda kimekufa. Mbaka ana watoto. Wenzake wana watoto. Risasi nzuri itarudi. Ile kidogo iliyobaki kwenye kopo, Mbaka ataitumia kwa stovu za mgeni tu, tusiaibike. Zikae kwenye rafu yao." Akamwekea mkono begani. "Nilisimama kwa kina Kagure nikasema wewe ni mwana wangu. Je, siku ile nilisema uongo?"

"Hapana, Baba."

"Basi rudi kazini."

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa stovu za mezani. Mbaka, fundi wa kulehemu, alizitengeneza polepole kwa risasi ya zamani, na Nyaga akagonga kitone chini ya mguu wa kila moja, zisichanganyike na zile nyingine. Mafundi waliziita mabibi harusi.

"Usimshike na mikono ya mafuta, Nyaga," Mbaka alikuwa akisema. "Huyu anasubiri bwana wake kutoka Nairobi."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wengine wataolewa na yeyote."

Wote walicheka, naye Nyaga akacheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka huulizwa ana nini. Alipofika nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwamba risasi nzuri irudi upesi. Tazameni, wapendwa. Hakuomba apewe kinywa cha kusema. Aliomba risasi. Na risasi nzuri haikurudi.

Wakati huo akamwomba Mbaka kwa siri amtengenezee bibi harusi mmoja wa kupeleka nyumbani. Ndiyo ile stovu iliyopika chai ya Jumapili bila moshi.

Nyaga alidhani ameilinda nyumba yake. Kumbe alikuwa ameifungia ndani. Kagure alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kigango chao, na siku hizo walinzi wa msitu walikuwa wakiwafukuza kina mama waliokwenda kutafuta kuni mlimani. Wenzake walipoiona stovu yake, kila mmoja alitaka yake. Wakaanza kuchanga. Mtu mmoja akasema ziko stovu nyingine zinazouzwa Meru.

"Meru ya nini?" Kagure akajibu. "Za Embu zinapimwa na bwana yangu. Mnamjua Baba Njagi. Huyo hata chumvi huipima kabla ya kuila."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, kina mama walimwita Nyaga mbele ya altare. Alitaka kubaki kwenye benchi lakini mikono ilimsukuma. Mwanamke mzee kuliko wote pale, Felicitas, ambaye kila mtu alimwita Cucu kwa kuwa alikuwa bibi wa wengi, alimwekea kiganja juu ya kichwa. Felicitas alikuwa mjane aliyejilisha kwa kusuka viondo. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake vilijua njia.

"Mungu," akasema, "huyu mtoto anatutoa kwenye moshi. Mikono yake ibarikiwe."

"Amina," watu wakaitikia. Nyaga alitazama sakafu. Alijua kwamba angetamka neno moja tu pale, kila kitu kingeisha. Akahesabu nani angeanguka: Ndambiri, aliyealikwa siku hiyo na kuketi safu ya mbele akitabasamu; Mbaka na wenzake; Kagure, aliyesema maneno yale kuhusu chumvi. Akarudi kwenye benchi na baraka ile kichwani kama mzigo wa mawe.

Siku ya pili akamfuata Mbaka. "Zile za kina mama wa kigango tutumie risasi ya zamani."

Mbaka akainamisha kopo. Ndani palikuwa na kipande kisichozidi kidole. "Hii haitoshi hata bibi harusi wa mwezi ujao. Kamwambie baba yako."

Akamwambia Ndambiri. Ndambiri hakukasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Mgeni akikosa cha kuletewa, kina mama wako watakosa stovu kabisa. Chagua wewe." Siku chache baadaye Nyaga alitumwa posta kwa shughuli fulani, na aliporudi gari lilikuwa limekwisha kupakiwa na kwenda Manyatta.

Kina mama walipokea stovu zao kwa nyimbo. Kwa majuma kadhaa hakikutokea chochote, na Nyaga akaanza kujidanganya kwamba maji ya moto yalitia chumvi, kwamba jikoni mambo ni tofauti na pipani. Kisha alasiri moja akarudi nyumbani mapema, akamkuta Kagure akipika maharagwe. Alipochuchumaa kumbusu mtoto, harufu ya mafuta ya taa ikampanda puani. Akapitisha kidole gumba chini ya mguu wa stovu. Palikuwa laini. Hapakuwa na kitone.

"Ile yetu iko wapi?"

"Si hii?"

"Hii siyo."

"Zote ni za rangi moja. Umejuaje?" Kagure akageuka na mwiko mkononi. "Nimebadilishana na Cucu. Yake ilikuwa inalowesha sakafu kidogo, na macho yake unayajua. Mimi naweza kuiangalia."

"Izime."

"Maharagwe hayajaiva."

"Kagure, izime."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Njagi azaliwe. Kagure akazima. Moshi wa tambi ukapanda kati yao.

"Baba Njagi, kuna nini?"

"Usiiwashe tena. Na usiniulize."

"Nisikuulize? Kama haifai kuwashwa hapa, inafaa kuwashwa wapi?"

Wapendwa, swali hilo lilikuwa mlango. Mungu aliufungua mbele yake, jikoni kwake mwenyewe, na upande wa pili alisimama mke aliyempenda. Nyaga angeweza kupita. Alifungua mdomo, na alichoona ni wazee wa kina Kagure na Ndambiri akisema, huyu ni mwana wangu. Akafunga mdomo. Wakala ndizi zilizolala.

Asubuhi, Kagure alipokwenda mtoni na mtoto, Nyaga alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakikandamiza kwenye mshono wa ile stovu inayovuja mpaka ukaziba, akapaka rangi juu yake. Kisha akaibeba hadi kwa Felicitas. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, kiondo kimeanza kuzunguka kati ya magoti yake.

"Cucu, stovu yako nimeitengeneza. Ile ya Mama Njagi inatakiwa kiwandani, kwa majaribio."

"Umekuja na miguu yako mwenyewe kwa sababu ya kazee kama mimi?" Felicitas akaacha kusuka. "Ichukue, mwanangu, iko pale ndani. Nilimwambia mke wako yangu haina neno, yeye ndiye mwoga tu." Nyaga alipotoka nayo, Felicitas akamwita arudi. Akamvuta karibu, akamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. "Uende salama. Ukumbukwe kama ulivyonikumbuka."

Nyaga alitembea hadi nyumbani na unyevu ule kifuani pake. Akaiweka stovu ya kitone mahali pake, na Kagure aliporudi akaiona, akaitazama, kisha akatua mtungi.

Felicitas alikuwa mtu safi. Kila Jumamosi aliosha vyombo vyake vyote, ili Jumapili iikute nyumba yake inang'aa. Jumamosi iliyofuata aliiosha na stovu pia, akaisugua kwa gunzi la mahindi kuzunguka tangi lote, mpaka kwenye mishono. Sabuni ikatoka pamoja na uchafu. Alasiri akaiwasha apike uji. Mafuta yakatiririka mezani bila yeye kuyaona, moto ukayafuata. Angekimbia, angepona mzima. Lakini ilikuwa nyumba yake ya pekee, na paa lilikuwa la nyasi. Aliishika stovu kwa mikono yote miwili, akaibeba ikiwaka, akaitupa uani.

Nyumba ilisalimika. Mikono haikusalimika.

Kagure alikuwa wa kwanza kufika. Alimfunga Felicitas kwa shuka lililolowekwa maji, akaomba watu watafute gari. Katika kusubiri, aliiona stovu imelala kwenye majani. Alikumbuka kidole gumba cha mumewe. Akainama, akagusa chini ya mguu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Baada ya Felicitas kulazwa, Kagure alirudi nyumbani na kugusa miguu ya stovu yake. Nyaga alimkuta amechuchumaa pale jikoni, kidole kikiwa bado juu ya kitone.

"Hiki ni nini?"

Nyaga akaeleza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema maneno yale kwa sauti, na yalimtoka kavu na mafupi. Risasi. Rafu. Mgeni. Sabuni.

Kagure alisikiliza mpaka mwisho. "Alikubariki ulipoichukua?"

Nyaga akajigusa kifua.

"Huyo hawezi kumwacha mtu aondoke bila kumbariki. Ninamjua. Alikubariki?"

"Ndiyo."

Kagure akainuka. "Nilisimama kanisani nikasema bwana yangu ndiye anayezipima. Sasa naenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wazime. Wakiniuliza kwa nini, sitasema nisiulizwe." Akamfunga Njagi mgongoni, akatoka. Alizunguka vijumba vyote vya kina mama wa kigango, na wengine walimtukana, na mmoja akamfungia mlango. Hakurudi nyumbani. Felicitas alipotoka hospitali na mikono iliyokunjamana isiyoweza kushika sindano wala kijiko, Kagure alihamia kwake pamoja na mtoto, akawa mikono yake.

Nyaga akabaki na stovu ya kitone. Ilikuwa nzima, haivuji hata tone, naye hakuweza kuiwasha. Alikula viazi baridi. Alipopiga magoti, aliinuka bila kuomba.

Kisha siku ya ukaguzi ikafika. Ndambiri alimwita kando asubuhi. "Yale ya Manyatta ni ya bibi asiyeona aliyemwaga mafuta mwenyewe. Nimewapelekea sukari na blanketi. Mwanangu, tumeelewana?"

Bwana Kaberia alikaribishwa, akanawishwa, akamiminiwa chai. Nduma zilikuwa moto. Nusu pipa la maji baridi lilikuwa tayari kando ya meza.

"Nyaga," Ndambiri akasema, "mletee mgeni."

Nyaga akaenda ghalani. Alisimama mbele ya rafu. Stovu za mezani zilipangwa pale, zimepanguswa, zinang'aa. Akaziangalia kwa muda, kisha akarudi ofisini mikono mitupu. Mbaka, aliyekuwa mlangoni, alimwona na kuacha kutafuna.

"Mgeni wetu," Nyaga akasema, "leo sikuletei. Simama twende, ukajichukulie mwenyewe."

Ndambiri akacheka kicheko kifupi. "Msamehe, Bwana Kaberia. Kijana ana matatizo ya nyumbani. Mwanangu, mgeni hajamaliza chai."

"Atakunywa baadaye, Baba. Na maji yachemshwe."

Alikuwa bado amesimama, kama alivyosimama mbele ya mzee huyu siku zote. Lakini safari hii hakuinamisha kichwa. Bwana Kaberia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akatazama nduma iliyokuwa mkononi mwake. Nadhani aliona ndani yake ziara zote zilizopita. Akairudisha kwenye sahani, akafuta vidole.

"Ghala liko wapi?" akauliza, mtu ambaye muhuri wake ulikuwa juu ya stovu zote zile.

Alipanda mwenyewe juu ya marundo na suti yake. Alitoa moja kutoka chini kabisa. Viputo vilipopanda katika maji ya moto hakumtazama mtu yeyote. Alisema tu, "Nyingine." Na baada ya hiyo, "Nyingine."

Kiwanda kilifungwa juma hilo. Ndambiri alipelekwa mahakamani, na Bwana Kaberia akaitwa kueleza alikuwa akikagua nini muda wote ule. Stovu zilitafutwa zirudishwe, lakini nyingi zilikuwa zimeuzwa mbali, mpaka Ruiri na zaidi, na hakuna aliyejua ziko jikoni kwa nani. Nyaga alipotoka langoni kwa mara ya mwisho, Mbaka alikuwa amekaa juu ya jiwe na vifaa vyake ndani ya gunia.

"Ungesema mapema, tungelehemu upya na tungekuwa na kazi," Mbaka akamwambia. "Ungenyamaza leo, tungekuwa na kazi. Wewe umechagua siku ambayo haimfai mtu."

Nyaga alijua ilikuwa kweli.

Alikwenda moja kwa moja kwa Felicitas. Kagure alikuwa akimlisha bibi uji kwa kijiko. Kiondo kile kilichoanzwa kilining'inia ukutani, nyuzi zake zimelegea. Nyaga akapiga magoti mlangoni na kusema yote, hata sabuni.

Felicitas akameza uji uliokuwa mdomoni kwanza. "Siku ile nilikubariki," akasema.

"Ndiyo, Cucu."

"Baraka siirudishi. Ikishatoka imetoka. Lakini usiniombe leo niseme haina neno, maana ina neno." Akainua mikono yake kidogo, akaishusha. "Ukitaka kuja, njoo. Ukija usije kupiga magoti. Magoti yako hayanisukii kiondo."

Nyaga akamtazama mkewe. Kagure hakuacha kulisha. Kijiko kilipofika chini ya bakuli alisema, bila kugeuka, "Nyuma ya nyumba kuna kuni hazijapasuliwa. Shoka liko dirishani."

Akaenda akapasua kuni. Alikuja kesho yake pia, na siku zilizofuata. Alirudisha mafiga matatu mahali pake, akawasha moto, akateka maji. Kuni zilikuwa mbichi. Kagure aliinama kupuliza, moshi ukamjaa usoni, akafuta macho kwa upindo wa leso. Nyaga aliyaona machozi yale. Safari hii hakuthubutu kuuliza yalitoka kwa moshi au kwa nini.

MAFUNZO

Wapendwa, mtu akisoma habari hii anaweza kusema ubaya ulikuwa risasi mbovu, au uchoyo wa tajiri. Hayo ni kweli, lakini yalikuja baadaye. Ubaya ulianza siku mkaguzi alipokubali kuletewa alichotakiwa kujichukulia. Chagua mwenyewe unachokipima, tena toka chini ya rundo. Aliyepewa cha kupima hajapima kitu, amekaribishwa tu. Heshima kwa mgeni ni nzuri nyumbani, nasi tusiiache, lakini ghalani heshima ya kweli ni kufungua mlango.

Nawe uliyeshikwa na wema wa mtu, sikiliza. Aliyekusimamia ulipokuwa yatima anakudai shukrani maisha yako yote, na ukweli ni sehemu ya shukrani hiyo. Nyaga alidhani anamlinda baba yake kwa kunyamaza, na kwa kunyamaza akamsindikiza mpaka mahakamani. Tena alijua. Ukijua stovu ipi ni nzima ukaiweka kwako, umekwisha kujihukumu, hata kama hakuna mtu aliyeona kitone.

Anayesema kwa kuchelewa hulipa, na hulipa pamoja na wasiokosa. Hata hivyo na aseme, kwa maana bado ziko nyumba ambazo moto haujafika. Tunapoomba, tusimwombe Mungu atuondolee hatari huku tukiificha. Tumwombe kinywa, na tukipewa, tukifungue siku hiyo hiyo.